Shajara ya tuta moja Mikindani: mchicha, kunde na mishubiri katika mchanga mmoja

14 Juni 2025

Naanza kuandika haya kwa tarehe kwa sababu mara mbili mwaka huu nimeshindwa kukumbuka siku niliyotia mbolea, na kosa la namna hiyo halichunguziki kwa kubahatisha. Tuta lenyewe liko uani, nyuma ya nyumba ya Mama hapa Mikindani, kati ya ukuta wa bafu na shina la mnazi. Urefu wake ni mita 6 na upana wake mita 1.2, wala halina mwenzake, kwa kuwa upande wa pili wa ua jembe hugonga jiwe la matumbawe kabla halijazama kina cha kiganja. Kila kinachopandwa hapa hakina budi kukaa katika tuta hilo hilo.

Shida ni orodha ya Mama. Anataka mchicha wa mboga ya kila siku, kunde za majani na za mbegu, magimbi, nyanya, pilipili mbuzi, mrehani, na mishubiri mitano ambayo utomvu wake huutia katika maji ya kuku kila anaposikia kwamba kideri kimeingia mtaani. Nilipomshauri apunguze, alinijibu kwamba vyote hivyo vilikuwapo katika ua huu kabla sijazaliwa. Hakusema kwamba vilikuwa katika tuta moja, nami sikumhoji.

Tangu mvua zilipokatika nimekuwa nikimwagilia ndoo 3 za lita 20 kila jioni, tuta zima, na kila mwezi nikitawanya urea gramu 10 kwa mita ya mraba, tuta zima vilevile. Nilidhani nimepata kipimo cha katikati ambacho kila mmea ungeweza kukivumilia. Hali ya leo ni hii: mchicha hunyauka ifikapo saa saba mchana na majani yake ya chini yamepauka, kunde zimenifika kiunoni kwa majani, lakini katika mashina 14 nimehesabu maganda 5 tu, mishubiri miwili kati ya mitano imeoza kwenye kitako na kutoa maji yenye harufu, magimbi yamekauka kingo za majani, nyanya 11 kati ya 26 zimekuwa na doa jeusi chini, ugonjwa ambao wakulima huuita kuoza kitako, na pilipili zina majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani. Mmea pekee usiolalamika ni mrehani, ingawa huo nao una lake, nitalieleza baadaye.

Lita 60 juu ya mita za mraba 7.2 ni zaidi kidogo ya milimita 8 kwa siku, yaani kama mvua ndogo inayonyesha kila jioni bila kukosa. Mchicha kwenye mchanga hauoni wingi wa maji hayo kwa sababu yamekwisha kuzama kabla ya asubuhi, na mshubiri hauna njia ya kuyakataa. Kwa hiyo wastani wangu haukumfaa hata mmoja kati yao, na ndilo jambo ambalo mradi huu unakusudia kulishughulikia: si kutafuta kipimo bora cha tuta zima, bali kulifanya tuta lisiwe sawa, liwe na sehemu zenye maji na sehemu zisizo nayo, zenye chakula na zenye njaa, kisha kila mmea upelekwe kwenye hali yake.

15 Juni

Nimechimba shimo la sentimita 60 kati ya nyanya na kunde. Sentimita 20 za juu ni mchanga wa kijivu wenye samadi kidogo, chini yake mchanga mweupe uliochanganyika na vipande vya makombe na matumbawe. Nimechukua bonge la udongo wa juu, nikaliweka kwenye kisahani na kulikamulia ndimu. Lilifoka mapovu na kutoa sauti ndogo kama ya soda inapofunguliwa. Hiyo ni dalili ya chokaa, na inatosha kueleza njano ya pilipili: katika udongo wa chokaa nyingi chuma kinakuwapo, lakini hakiyeyuki kwa kiasi cha kufyonzwa na mizizi, na kwa kuwa mmea hauwezi kukihamisha kutoka majani ya zamani, upungufu huonekana kwanza kwenye majani machanga. Mchicha unafanya kinyume. Upungufu wake ni wa naitrojeni, ambayo mmea huihamisha kwa urahisi kuipeleka juu, kwa hiyo majani ya chini ndiyo yanayopauka. Njano mbili katika tuta moja, kila moja na sababu yake, nami nilikuwa nikizitibu zote kwa urea.

Matokeo mengine ya kipimo hiki cha ndimu ni kwamba majivu ya jikoni, ambayo Mama huyamwaga hapa kila Ijumaa, hayafai tena kuingia ardhini. Yana potasiamu nzuri, lakini huongeza hali ileile ya chokaa inayotusumbua. Tumekubaliana kwamba ataendelea kuyanyunyizia majani ya mchicha dhidi ya wadudu, kidogo kidogo, na mengine yatakwenda kwenye shimo la taka. Makubaliano hayo yalichukua muda mrefu kuliko kuchimba shimo.

18 Juni

Leo nimeng'oa shina moja la kunde lenye afya kuliko yote ili nitazame mizizi. Nililimwagilia kwanza, nikalichimbua kwa koleo kwa upana, kisha nikaiosha mizizi ndani ya beseni bila kuisugua. Mizizi ya kunde iliyo sawa hubeba vinundu ambamo bakteria huvuta naitrojeni ya hewani na kuipatia mimea, nayo hulipwa kwa sukari. Nilivipata vinundu 9 tu, vidogo kama mbegu za ulezi. Nilivikata kwa wembe kimoja kimoja juu ya karatasi nyeupe: viwili vilikuwa na wekundu hafifu ndani, saba vilikuwa vyeupe au vya kijani. Wekundu ndio unaoonyesha kwamba kazi inafanyika. Cheupe ni kinundu ambacho hakijaanza, na cha kijani ni kilichochoka.

Kwa maneno mengine, kunde zangu zimeacha kuvuna hewani kwa sababu urea ilikuwa ikiletwa mezani. Zilipopata naitrojeni ya bure zikaigeuza kuwa majani, zikachelewesha maua, na zikawanyima bakteria chakula. Nilipata pia uvimbe mmoja mrefu ambao haukubanduka kwa ukucha, kwa kuwa ulikuwa sehemu ya mzizi wenyewe. Kinundu cha kweli hukaa pembeni ya mzizi na hubanduka. Uvimbe wa ndani ya mzizi ni wa minyoo fundo, ambao hupenda mchanga kama huu. Uvimbe mmoja hautishi, lakini nimeuandika ili nyanya, ambazo hushambuliwa vibaya na minyoo hiyo, zisije zikapandwa mahali hapo.

22 Juni

Chombo nilichokichagua ni mtungi wa udongo. Wazo si langu wala si geni: mtungi usiopakwa rangi huzikwa hadi shingoni, hujazwa maji na kufunikwa, nayo maji hupenya ukutani polepole kadiri udongo wa nje unavyokauka. Udongo ukiwa na unyevu, mtungi hupunguza kutoa. Udongo ukikauka, huongeza. Kilichonivutia si kuokoa maji, ingawa bomba letu hutoka siku mbili au tatu kwa juma, bali ni ule ubaya wake ambao watu hulalamikia, kwamba katika mchanga unyevu hauendi mbali. Mimi hicho ndicho ninachokihitaji.

Nimenunua mitungi 4 ya lita 8 kwa mama anayeuza vyungu karibu na soko. Mama yangu alinizuia kuchukua vyungu vya kupikia, ambavyo vilikuwa na bei nafuu, akaeleza sababu yake vizuri kuliko ningeweza mimi:

"Mtungi wa maji ya kunywa hutoa jasho, mwanangu, ndiyo maana maji yake yanapoa. Chungu hakitoi jasho. Sasa wewe unautaka wa jasho ili ukauzike?"

"Ndiyo, Mama. Jasho lenyewe ndilo ninalolitaka."

Hakuniambia neno jingine, ila alichagua mwenyewe ile minne, akiigonga kwa kidole na kuisikiliza. Nyumbani niliijaza na kuiacha kivulini juu ya kipande cha saruji. Baada ya saa tatu mitatu ilikuwa imelowana nje kote, na wa nne ulikuwa mkavu upande mmoja. Huo nimeuandika kuwa namba 4 na nitauweka mwisho wa mashariki.

29 Juni

Mitungi imezikwa katika mstari wa katikati, mita 1.5 kutoka mmoja hadi mwingine, na shingo zimeachwa sentimita 3 juu ya ardhi. Kila mmoja una kifuniko cha kifuu chenye jiwe juu yake, kwa ajili ya mbu zaidi ya kitu kingine, kwa sababu mtungi ulio wazi ni kiwanda cha mbu. Sijapanda kitu bado. Nimesubiri siku 5 nikijaza kila asubuhi, kisha leo nikakata mfereji mwembamba kwa kisu cha jikoni kutoka mtungi namba 2 kuelekea kaskazini na mwingine kuelekea kusini.

Ukuta wa mfereji ulionyesha mpaka kwa macho: mchanga wa kahawia iliyokolea karibu na mtungi, kisha ukanda uliofifia, kisha kijivu kikavu kinachoporomoka. Upande wa kaskazini unyevu uliishia sentimita 27, upande wa kusini sentimita 22, na kwa kina cha sentimita 30 duara lilikuwa pana kuliko juu. Tofauti ya kaskazini na kusini naihusisha na upepo wa kusi, ambao miezi hii hupiga ua huu moja kwa moja kupitia pengo la ukuta na kuukausha upande wa kusini. Kutoka katikati ya tuta hadi ukingoni ni sentimita 60. Maana yake, bila kujenga chochote, nina ukanda wa maji, ukanda wa kati, na ukanda mkavu kabisa, vyote ndani ya hatua moja ya mtu mzima.

6 Julai

Nimepanda. Mchicha umesiwa katika duara kuzunguka kila mtungi, kuanzia sentimita 8 hadi 22. Nyanya ziko sentimita 15 kutoka mitungi namba 1 na 3, mbali na pale palipokuwa na uvimbe wa minyoo. Kunde ziko ukanda wa kaskazini, sentimita 35 kutoka mtungi, mahali ambapo mzizi mkuu unaweza kwenda kutafuta maji wenyewe. Mrehani uko upande wa kusini katika umbali huohuo. Mishubiri imewekwa ukingo wa kusini kabisa, juu ya tuta dogo la vipande vya matumbawe, bila matandazo. Sehemu nyingine zote nimezifunika makuti yaliyokatwakatwa na nyasi kavu.

Mimea miwili haikupata nafasi katika mpango wa mitungi. Magimbi hayataki unyevu, yanataka tope, kwa hiyo nimeyapa beseni bovu lililozikwa upande wa magharibi kwenye kivuli cha ukuta wa bafu. Nimelitoboa ubavuni, sentimita 15 juu ya kitako, ili maji ya ziada yatoke lakini chini pabaki bwawa. Pilipili nazo zimewekwa ndani ya ndoo mbili zilizotolewa kitako na kuzikwa, zikajazwa udongo mwekundu ulioletwa kwa toroli kutoka juu ya mlima pamoja na mboji. Udongo huo haukufoka nilipoukamulia ndimu.

Kuhusu chakula: samadi ya mbuzi iliyooza imewekwa ndani ya duara la mchicha na nyanya peke yake, debe moja kwa kila mtungi. Urea itatiwa kwenye kifereji cha duara, sentimita 10 kutoka mtungi, na kufukiwa mara moja, kwa kuwa katika udongo wa chokaa urea inayoachwa juu hupoteza sehemu ya naitrojeni yake hewani ikiwa amonia. Kunde, mrehani na mishubiri havipewi chochote.

27 Julai

Kosa la wiki hii ni langu peke yangu. Nilijiambia kwamba ikiwa mtungi huwapa maji walio karibu tu, basi unaweza kuwapa na chakula kwa njia hiyohiyo. Tarehe 20 nikaloweka samadi ya kuku kwenye ndoo, nikaichuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu, na kuijaza mitungi namba 1 na 2. Siku mbili za kwanza mchicha ulikolea kijani. Siku ya tano ulinyauka, na nilipofunua vifuniko nikitarajia kukuta mitungi imekauka, niliikuta imejaa karibu kama nilivyoiacha, ikiwa na utando wa kijani juu na harufu ambayo Mama aliihisi kutoka barazani.

Chembe laini za samadi zilikuwa zimeziba vitundu vya udongo. Mchicha ulikuwa ukifa kwa kiu, sentimita 8 kutoka lita 7 za maji. Nimeitoa mitungi yote miwili, jambo ambalo limeharibu theluthi ya mizizi ya mchicha unaoizunguka, nikaisugua ndani na nje kwa kumbi la nazi bila sabuni, nikaianika juani siku tatu, na kuipima tena juu ya saruji. Namba 1 imerudi kutoa jasho kama awali. Namba 2 inatoa nusu tu. Kuanzia sasa mtungi ni wa maji matupu.

3 Agosti

Mavuno ya kwanza ya mchicha kwenye mitungi 3 na 4: mafungu 7, ingawa mtungi namba 4 ulikuwa na ule upande mkavu. Zamani tuta zima lilinipa mafungu 4. Upande mkavu wa mtungi ulionekana wazi kwenye mimea yenyewe, ambayo ilikuwa mifupi kwa upana wa mikono miwili kama vile mtu ameikata kwa mkasi.

9 Agosti

Jana nilikuwa Lindi kwenye maonyesho ya Nanenane katika viwanja vya Ngongo, na nilipata bahati ya kukaa na bwana shamba mmoja kwa karibu saa nzima, kwa kuwa mvua ya maswali ya ufuta na korosho ilikuwa imekatika kidogo. Nilimwonyesha mchoro wa tuta. Alikubaliana na kuzinyima kunde naitrojeni lakini akanikosoa kwa kuzinyima kila kitu, kwa sababu bakteria wa vinunduni huhitaji fosforasi ya kutosha, na mchanga wa pwani hauna nyingi. Nilipomuuliza kuhusu mbolea ya fosfeti ya Minjingu, ile inayochimbwa mkoani Manyara, alisema ni nzuri, ila huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali, na kwamba katika udongo unaofoka ndimu ningeingoja kwa muda mrefu. Alinielekeza nitumie mboji iliyoiva, kiganja kimoja kwa kila shina, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: maji ninayotumia yana ladha gani?

24 Agosti

Sasa ninalo jibu. Bomba halikutoka kwa siku 9 mfululizo kuanzia tarehe 12, na muda huo wote niliijaza mitungi kwa maji ya kisima cha jirani, ambayo tunayatumia kufulia na ambayo kila mtu hapa anajua kwamba yana chumvi kidogo. Leo asubuhi nilipoinua makuti upande wa kaskazini nilikuta mstari mweupe uliopinda, wenye upana wa kidole, umbali wa sentimita 25 hadi 30 kutoka mtungi namba 3. Niliugusa kwa ulimi. Ni chumvi. Kuzunguka mitungi yote kuna mstari kama huo, na pale unapopita karibu na kunde, ncha za majani zimeungua na kujikunja.

Nilikuwa nimelipangilia tuta kwa maji na kwa chakula, nikasahau kwamba maji hubeba kitu cha tatu. Yanapotoka mtungini huisukuma chumvi mbele yake hadi mahali yanapoishia, hapo maji huvukizwa na chumvi hubaki. Karibu na mtungi, ambako maji ni mengi, chumvi ni kidogo. Penye maji machache ndipo chumvi hurundikana. Kunde zilizopelekwa ukanda wa kati kwa sababu zinavumilia kiu zimekutana na chumvi ambayo haziivumilii vivyo hivyo. Sikuona jambo hili likitajwa na yeyote kati ya watu walionisifia mitungi, labda kwa sababu wao wana maji matamu, yasiyo na chumvi.

Dawa ya chumvi ni kuiosha kwa maji mengi matamu yaishushe chini ya mizizi, na hapo ndipo mpango wangu unapojipinga wenyewe, kwa sababu ukanda wa kusini umetengwa kwa mimea isiyotaka maji. Nilichofanya: nimekwangua ukoko mweupe kwa kijiko na kuutupa nje ya ua. Kisha nimeing'oa mishubiri yote mitatu iliyobaki na kuilaza kivulini juu ya ukuta. Mshubiri huhifadhi maji katika majani yake na hufungua vinyweleo vyake usiku badala ya mchana, kwa hiyo wiki mbili nje ya udongo haziuui. Hata kidonda cha mizizi hupata nafasi ya kukauka kabla ya kurudishwa. Bomba litakapotoka nitamwaga ndoo 4 kwenye kila ukanda. Ukanda wa upana wa sentimita 20 na urefu wa mita 6 ni mita za mraba 1.2, na lita 80 juu yake ni kama mvua ya milimita 67 kwa usiku mmoja.

Kuna faraja moja katika hesabu hiyo. Maji mengi hivyo yangeng'oa naitrojeni yote kama ingekuwapo, lakini kanda hizo hazina naitrojeni ya kupoteza. Maji ya kisima sasa ni ya mnazi, ambao haujawahi kuyalalamikia.

7 Septemba

Kanda zimeoshwa tarehe 27 na 28 Agosti. Mishubiri imerudishwa leo. Miwili ina mizizi mipya myeupe kama nyuzi, wa tatu bado. Ukoko haujarudi.

21 Septemba

Kunde zimekomaa maganda. Mashina 16 yamenipa maganda 118, na urefu wao haufiki goti. Nimeng'oa shina moja kwa ajili ya mizizi na kupata vinundu 41, vingi vikiwa vikubwa kama punje ya mtama, na kati ya 10 nilivyovikata 8 vilikuwa na rangi ya damu ya samaki. Mashina mawili yaliyokuwa karibu zaidi na kifereji cha urea, upande wa mtungi namba 4 ambako niliteleza na kumwaga, yalikuwa marefu na yenye majani mapana kuliko wenzake, na yalikuwa na maganda 3 na 4. Sikukusudia kufanya jaribio hilo, lakini limenifaa kuliko niliyoyakusudia.

Nyanya 31 za kwanza zimevunwa na 2 tu zina doa jeusi. Hapa wengi hukimbilia kutia chokaa, kwa kuwa doa hilo hutokana na tunda kukosa kalisi, lakini udongo huu una kalisi kupita kiasi. Kalisi husafiri ndani ya mmea pamoja na maji. Maji yakija kwa vishindo, jioni mafuriko na mchana ukame, tunda ndilo linalokosa zamu. Mtungi haukuongeza kalisi hata chembe, uliondoa vishindo tu.

Na sasa lile la mrehani. Nilikuwa na mashina mawili niliyoyasahau ndani ya duara la samadi, na manne katika ukanda wenye njaa. Yale mawili yana majani mapana kama ya mchicha na ukiyasugua kidoleni hunusi zaidi ya nyasi mbichi. Yale manne yana majani madogo, magumu kidogo, na ukipita karibu nayo kwa nguo tu harufu hubaki nawe hadi jikoni. Mama aliyachuma ya ukanda wa njaa kwa ajili ya kikuba, kile kifungu kidogo cha majani na maua ya kunukia, bila kuambiwa lolote, na mawili yale hakuyagusa.

19 Oktoba

Kusi limekatika na joto limeingia. Mitungi iliyokuwa ikimaliza maji kwa siku mbili sasa inamaliza kwa siku moja na robo, isipokuwa namba 2, ambayo haijapona na nimewaachia kuku wanywee. Pilipili za kwenye ndoo zimetoa majani ya kijani kibichi tangu Agosti na sasa zina maua. Magimbi yanakunywa lita 6 kwa siku na ndiyo mmea ghali kuliko yote uani. Kila ninapoyatazama nahesabu ndoo. Mabibo yameanza kuonekana sokoni, na watu wote wako kwenye mikorosho, kwa hiyo sina wa kunisaidia kubeba maji.

6 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha usiku. Kopo la maziwa nililoliweka juu ya ukuta lilikuwa na milimita 41 nilipolipima kwa rula. Mvua haijui mipaka yangu: imelowesha tuta zima sawasawa, na kwa miezi mitano ijayo tofauti niliyoitengeneza kwa mitungi haitakuwapo. Kitakachobaki ni tofauti ya mwinuko. Kwa sababu hiyo mapema leo nimeongeza vipande vya matumbawe chini ya mishubiri hadi sentimita 25 juu ya usawa wa tuta, nimeitoa mitungi na kuipindua barazani, na nimegawa urea ya mchicha katika sehemu tatu ndogo badala ya moja, kwa kuwa katika mchanga huu mvua moja kama ya jana inaweza kuishusha yote chini ya mizizi.

Mashimo manne yaliyoachwa na mitungi nimeyajaza mboji na kusia mbegu za maboga katika matatu. La nne Mama alikwisha kulichukua kabla sijaamka, amechomeka humo kipande cha muhogo. Muhogo hautaki mboji kiasi hicho, utatoa majani mengi kuliko mizizi, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba ndiyo sababu ya kuuweka pale, kwa kuwa anachokitaka yeye ni kisamvu. Nimeuandika kwenye mchoro mahali ulipo.